Udongo wa Zizini

Sijawahi kumheshimu msomi yule, ingawa nilimwita Daktari kwa miaka mingi na kumwamkia kwa mikono miwili. Alikuwa mkemia wa udongo kutoka chuo kikuu. Jina lake, naambiwa, bado linatajwa mwishoni mwa makala za watu wasiojua Hanang iko upande gani wa dunia. Mimi najua lilivyofika huko, maana mifuko niliibeba mimi.

Nilikuwa mpimaji katika maabara ndogo ya shamba la ngano la serikali, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu wa ngano kabla haijaingia ghalani. Daktari alipokuja kuchunguza miteremko ya Endasak, kule Hanang, meneja alinikabidhi kwake kwa siku mbili kwa kuwa Endasak ni kwetu. Siku ya kwanza alilala, eti baridi imemuumiza kichwa. Siku ya pili tukapanda na gari la shamba.

Ulikuwa mwezi wa tisa na ardhi imekauka. Alijaribu kuchimba mara tatu kwenye mashamba ya mahindi, chuma kikagoma, viatu vyake vyeupe vikajaa vumbi. Ndipo akaona kipande cheusi, laini. Mifuko yote kumi na miwili tuliijazia hapo, na juu ya kila mmoja akaniagiza niandike jina la kitongoji tofauti, kana kwamba tumechimba kote. Niliandika.

Nilimwambia kwamba pale palikuwa zizi la ng'ombe. Kwetu zizi likijaa samadi familia hulihamisha, na pale pa zamani tunapanda maboga na tumbaku, kwa sababu mahindi hurefuka mno yakaanguka. Hakuna mtu wa kule ambaye angepima shamba kwa udongo wa zizini.

"Udongo ni udongo, bwana," alisema, akatazama saa yake. Chakula cha mchana kilikuwa kinamngoja nyumba ya wageni.

Makala ikatoka: miteremko ya Hanang ina rutuba tele, haihitaji mbolea. Haikupita muda bwana shamba akaja kijijini na waraka kwamba mbolea ya ruzuku itapelekwa kwingine. Mama yangu alikuwa mjane anayelima ekari mbili, na ng'ombe wake walikuwa wameisha kwa ugonjwa wa ndigana, kwa hiyo hata samadi hakuwa nayo. Mahindi yake yakawa ya manjano yangali magotini. Alivuna nusu ya alichozoea, na mwaka uliofuata pungufu ya hapo.

Baadaye shamba lilinipeleka kusomea stashahada ya maabara, nikapangiwa Daktari huyohuyo kuwa msimamizi wangu. Ukuta mzima wa ofisi yake ulikuwa na postikadi za wasomi wa nje wanaomwomba nakala ya makala ile. Nilimweleza habari ya zizi, nikamweleza na njaa ya mama, nikamsihi aandike barua kwenye jarida asahihishe. Hakukasirika hata kidogo. Alinyoosha kidole ukutani.

"Nimenukuliwa na watu wote hawa," alisema. "Unataka kuniambia wote ni wajinga?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa imefika Ulaya na kurudi. Wa kwanza alimnukuu yeye, wa pili akamnukuu wa kwanza, na hakuna hata mmoja aliyeshika bonge la udongo wa kwetu. Lakini mkononi alikuwa na ripoti yangu ya kumalizia masomo, juu ya udongo wa Endasak, na kalamu nyekundu, na aliniuliza kwa upole mbona makala yake haimo katika marejeo yangu. Nikaiingiza. Niliiweka ya kwanza, nikaongeza na aya nzima ya kuisifu. Nikafaulu vizuri. Namdharau mpaka leo, ila yeye angalau hakuwa na mama Endasak.

Niliporudi mama alichinja kondoo aliyebaki, akaita majirani. Ripoti yangu ilipita mkono kwa mkono, naye akawaambia kwamba mwanawe ameandika kitabu cha udongo wao. Kisha akaniuliza mbele yao kitabu kinasema nini kuhusu mahindi yake.

"Kimeandikwa kwa Kiingereza, mama," nilimjibu.