Ugonjwa wa Maboga ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa nimeshamaliza kujua mambo yote. Usicheke. Darasani nilinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, na mtaani kwetu Walthamstow, London, hakuna aliyehama, aliyegombana wala aliyenunua kochi jipya bila mimi kumtangaza. Baadaye niliiacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, na leo nasuka nywele kwenye duka dogo karibu na soko. Nenda kaulize ni nani anayesuka mistari iliyonyooka kuliko wote, utaletwa kwangu. Nayasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani, maana kisa chenyewe hakinipi sifa yoyote.

Mwaka huo Bibi, mama mzazi wa mama yangu, alikuja kutoka Taita kwa viza ya miezi sita. Alifika mwezi wa tano. Mama alikuwa akitunza wazee kwenye makao yao, anatoka asubuhi na kurudi hoi, nami nilikuwa shuleni au barabarani. Bibi alibaki anaangaliana na ukuta. Kiingereza chake kilikuwa cha kushukuru na kuaga tu, na baada ya kumshukuru mtu na kumuaga huna tena la kuzungumza naye.

Sisi tulikaa chini. Kwenye flati ya juu yetu aliishi mwanamke kutoka Bukavu tuliyemwita Mama Furaha, aliyekuwa akingoja barua ya serikali imwambie kama ataruhusiwa kubaki. Furaha mwenyewe, binti yake wa rika langu, alikuwa amebaki kwao kwa shangazi. Wiki ya kwanza Bibi alimsikia kwenye ngazi akiongea na simu kwa Kiswahili cha Kongo, akatoka nje na vikombe viwili vya chai. Kuanzia hapo kila alasiri walikuwa kwenye bustani ya nyuma, ambayo ilikuwa yetu sote, wamekalia kreti za plastiki zilizopinduliwa.

"Unaongea kama mtu anayekimbizwa," Bibi alikuwa akimwambia.

"Na weye, Bibi, unaongea kama mutu wa redio. Tunangoja sasa habari za vifo."

Basi watacheka hapo mpaka Bibi afute macho kwa kanga. Nakuambia hivi ujue urafiki huo ulikuwa ni kitu gani. Katika London yote, pamoja na watu wake wote, Bibi alikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye.

Bibi alinunua nusu boga sokoni, akaanika mbegu juu ya gazeti dirishani, akazipanda kando ya uzio. Kufikia mwezi wa nane mashina yalikuwa yameupanda uzio, nguzo ya kamba ya nguo, hadi baiskeli yangu ya zamani. Majani waliyachuma wakayapika na karanga. Maboga yalikuwa saba, na moja lilikuwa kubwa kama kichwa changu, yaani kubwa kweli.

"Hili tutalipika mimi na wewe kabla sijapanda ndege," Bibi alimwambia Mama Furaha. "Likomae tu."

Sharti lilikuwa moja. Boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi, au unaukunja ule mkono unaonyesha kwa kiwiko. Ukilinyooshea kidole linaona haya, linajikunja, linaoza. Mama Furaha aliposikia akapiga paja lake. Hata kwao ni hivyo hivyo, alisema, yeye alichapwa na mama yake kwa kosa hilo akiwa hajaota meno yote. Bibi naye alichapwa. Wakafurahi sana kugundua kwamba mama zao, ambao hawakuwahi kuonana, waliwachapa kwa jambo moja.

Mimi nilikunja mdomo. Niliona ni mambo ya watu wasiosoma. Ndiyo, mimi.

Wiki ya mwisho ya likizo nilimleta Tanya, rafiki yangu wa nyumba ya tatu, aje aone maboga. Wakubwa walikuwa ndani. Tanya hakuamini kwamba ni saba. Basi nikayahesabu kwa kidole, mkono umenyooka kabisa, moja mpaka saba, na lile kubwa nikalidonoa kabisa kwa ncha ya ukucha. Nikamweleza kwamba bibi yangu anaamini nikifanya hivi yataoza, lakini mimi siogopi. Tanya aliniangalia kama shujaa. Ilikuwa siku nzuri sana kwangu.

Nikikumbuka vizuri, asubuhi hiyo hiyo nyasi zilitulowesha soksi, na hakukuwa na mvua usiku. Ulikuwa ni umande tu, mzito, wa aina ambayo hatukuwa tumeuona majira yote ya joto. Kulikuwa na utando wa buibui kutoka kibanio kimoja cha nguo hadi kingine. Na jua, ambalo mwezi wa saba lilikuwa likikaa kwenye kizingiti cha jikoni mpaka Mama anarudi, sasa liliondoka mapema likaishia kwenye ukuta wa jirani. Mbayuwayu waliokuwa wakipiga kelele juu ya paa walikuwa wamekwenda zao, wala sikumbuki siku waliyoondoka. Yote hayo niliyaona. Sikuyapa maana.

Siku nne baadaye majani ya maboga yalitokea madoa meupe, kama mtu amepita akinyunyiza unga wa ngano. Kisha yakaanza kuwa njano kutoka kingoni. Boga dogo kuliko yote lililegea likadondoka Bibi alipoligusa. La pili likafuata. Bibi alichuchumaa pale muda mrefu. Kwao mwezi wa kumi mvua zinaanza na watu wanatoka na majembe. Hakuwa amewahi kuona shamba linaugua kwa sababu ya kalenda.

Aliinuka akaniita. "Wakesho. Nani ameyanyooshea kidole maboga yangu?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira labda ningelia, yakaisha. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa, na mimi ndiye niliyekuwa mtoa habari wa mtaa.

"Mama Furaha," nikasema. "Nilimwona dirishani kwake juu. Aliyahesabu."

Ilitoka nyepesi. Niliongeza hata kidole chenyewe kilikuwa kipi.

Bibi hakugomba. Alasiri hiyo alipika chai akamimina kikombe kimoja. Mama Furaha alipogonga mlango, nilitumwa kusema Bibi amelala. Siku ya pili amelala. Siku ya tatu Mama Furaha aliacha kugonga, akamvizia Bibi akianua nguo, akaanza kumshikia vibanio.

"Bibi, miye nimekukosea nini?"

"Kiulize kidole chako."

Mama Furaha aliutazama mkono wake, kweli aliutazama, ukiwa na vibanio vya nguo. Kisha nikaona ameelewa. Kwa mtu asiyejua mila ile lingekuwa neno la kuchekesha. Yeye aliijua. Alijua anaitwa mtu mwenye jicho baya, anayekula chakula chako huku anakiharibu.

"Bibi, miye nililelewa," alisema polepole. "Siwezi."

"Basi yamejiozea."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Mama Furaha alinitazama, si kwa muda mrefu. Akatazama maboga, akanitazama tena. Nilijua kwamba amejua. Nikangoja anitaje. Angeweza, na kwa haki kabisa. Badala yake alimsaidia Bibi kukunja shuka iliyokuwa mkononi, pembe kwa pembe kama wanavyofanya wanawake wawili, akampa, akapanda ngazi.

Shule ilifunguliwa. Wiki ya kwanza mwalimu alituuliza tumeona dalili gani kwamba majira ya joto yanakwisha. Unajua nani alinyoosha mkono. Umande, nikasema. Buibui. Mwalimu akaandika ubaoni, akaongeza mengine: mchana unafupika, ndege wanahama, matunda yanaanguka kabla ya kuiva, na majani ya matango na maboga yanapata ukungu mweupe kwa sababu usiku umekuwa baridi na unyevu. Alisema hata yake nyumbani yamepata, kila mwaka yanapata, hakuna la kufanya.

Nilikaa pale na penseli yangu ya rangi ya machungwa. Maneno yote ubaoni yalikuwa bustani yetu. Tulipewa karatasi yenye picha ya majani tuyapake rangi, nyekundu na njano na kahawia, nami nikapewa nyota.

Hiyo karatasi ingetosha. Sikuhitaji hata kukiri. Ningerudi nyumbani nimwambie Bibi, si kidole cha mtu, ni msimu, nchi hii ndivyo inavyofanya, chungulia kwa jirani uone matango yake. Nilipanga hivyo njia nzima. Lakini nilipofika mlangoni nikaona mwisho wake: angeniuliza, basi dirishani ulimwona nani?

Bibi aliichukua karatasi akaishika mbali na macho, kwa sababu hakuwa na miwani. "Umepaka vizuri," alisema. Akaitazama zaidi. "Majani haya yanaumwa nini?"

"Ni picha tu, Bibi," nikasema.

Akaibandika kwenye friji.

Mwishoni mwa mwezi huo barua ya Mama Furaha ilifika. Haikusema abaki wala aondoke. Ilisema anahamishiwa mji mwingine, kaskazini, akangojee huko. Alipewa siku chache. Asubuhi ya kuondoka alishuka na mabegi mawili, akasimama mlangoni kwetu. Mama alikuwa kazini. Nilifungua mimi.

"Mwambie Bibi naenda."

Nilikwenda jikoni. Bibi alikuwa akichambua mchele, ingawa mchele wa huku hauna mawe. Hakuinuka. "Mwambie safari njema," alisema, kwa sauti ambayo ilifika mlangoni bila msaada wangu.

Mama Furaha aliniwekea kiganja kichwani. Nilidhani atasema kitu. Alisema, "Soma vizuri," akabeba mabegi yake. Lile boga kubwa lilikuwa limeshalainika chini, na Bibi alilitupa mwenyewe. Mwezi wake wa mwisho London aliumaliza mbele ya televisheni asiyoielewa, sauti ikiwa chini.

Nilimwambia Bibi baada ya miaka kumi, kwa simu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina wateja, nina simu yangu mwenyewe, nikajiona mtu mzima wa kutengeneza mambo. Nilimweleza yote: Tanya, hesabu, dirisha ambalo halikuwa na mtu, ubao wa mwalimu. Nilisikia kuku nyuma yake. Nilingoja anitukane, au aseme nilikuwa mtoto, yamepita.

"Na yeye," Bibi akauliza, "umempata?"

"Hapana, Bibi. Sijui aliko."

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Basi bado hujasema," alisema. Akaniuliza kama huku ni baridi.

Bibi hayupo tena, na neno lake limebaki hivyo hivyo. Nimejaribu. Jina la ukoo la Mama Furaha hatukuwahi kulijua. Wanawake wa Kongo wanaokuja kusukwa nawauliza kama wanamfahamu mtu wa Bukavu aliyekaa Walthamstow akahamishiwa kaskazini, nao wananicheka, wanasema hao ni wengi kuliko nywele hizi. Wengine hudhani nataka kumdai kitu.

Kama maboga yaliona haya kwa ajili yangu au yalikufa kwa baridi, sijui, na nimeacha kubishana nalo. Mwalimu alikuwa na sababu zake na Bibi zake. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na kweli mbili mdomoni, yoyote kati ya hizo ingemrudishia Bibi rafiki yake kwa wiki zile chache zilizobaki, na nikazimeza zote mbili ili niendelee kuonekana mjuaji.

Furaha, kama aliwahi kuletwa, ni mwanamke mzima sasa kama mimi. Nawaza kwamba siku moja wanapika, mama yake akamsimulia juu ya bibi mmoja wa Kenya na mjukuu wake mwongo. Natumaini alinitaja kwa jina. Natumaini alimwambia aliyenyoosha kidole hakuwa yeye, na kwamba mtoto wake alimwamini.