Jina la Binti Yangu kwenye Mkono wa Kushoto

Nilichorwa tatuu mwaka huu, uzeeni, hapa Garsen. Mchoraji alitaka kuandika jina la binti yangu kwenye mkono wa kulia.

"Mama, wa kushoto ni wa chooni. Utamvunjia marehemu heshima."

Nilimwambia achore nilipomwonyesha, heshima asinifundishe.

Ujanani, mafuriko yalipoingia kijijini kwetu Kulesa, nilivuka shamba maji yakinifika kifuani. Binti yangu, angali mchanga, nilimbeba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulishikilia mfuko wa mbegu ya mpunga kichwani, kwa sababu mbegu ikilowa, mwaka mzima ni njaa.

Mkono uliochoka, ukaachia, ni wa kushoto.

Mbegu ilifika kavu. Tuliipanda, ikastawi, tukavuna, nami nikala.