Sala ya Alasiri Katika Shule ya Matofali Mekundu

Wanaokuja kulipiga picha jengo lile husema ni zuri. Waje walipige deki kwanza. Mimi nimelisafisha miaka minne, shule ya enzi ya Viktoria, huku kusini, si mbali na bustani ya Joubert Park, matofali mekundu, kuta nene kama za gereza. Ina milango miwili, juu ya mmoja pamechongwa kwenye jiwe kuwa ni wa wavulana, juu ya mwingine wa wasichana. Wa wasichana ulipigwa misumari zamani. Madirisha yako juu kabisa. Mwalimu mmoja aliniambia waliyaweka huko makusudi ili mtoto asitazame nje akaacha kusoma. Lilijengwa kwa ajili ya watoto wa wazungu wa siku za kuchimba dhahabu. Leo humo wanasoma watoto wa Kongo, wa Burundi, wa Zimbabwe, na dirisha bado hawalifikii. Kulitoboa jengo huruhusiwi, ni la kale, sheria inalilinda. Sisi tulio ndani hakuna anayetulinda, lakini hilo tuliache.

Ijumaa ile shule ilikuwa inafunga kwa likizo. Basi langu la kwenda Tanga lilikuwa linaondoka kituo cha Park Station saa kumi na moja jioni, na jingine hadi Ijumaa inayofuata. Binti yangu anaolewa Alhamisi kabla yake. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa darasa la tano, miaka tisa sijamtia machoni, kisa karatasi za ukaazi, ukitoka bila hizo hurudi. Mara mbili nilimwahidi nakuja, mara mbili nikamwangusha. Safari hii karatasi ninazo na tiketi ninayo.

Nikamaliza kupaka nta sakafu ya juu saa tisa na nusu. Nikasema nisali alasiri kabisa, safarini mtu hajui. Nikatandika mswala kwenye chumba cha makoti, nikafunga sala.

Rakaa ya tatu nikamsikia mtunza shule chini, Mkongo, mtu mwema, mlokole. Akaita, "Kuko mutu huku?"

Kwetu mwanamke akiwa katika sala hajibu, hupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono. Nikapiga. Hatua zake zikasimama. Nikapiga tena, kwa nguvu. Nikasikia mlango ukivutwa na ufunguo ukizunguka.

Wapo watakaosema ningekata sala. Najua inaruhusiwa. Niliona haya, siku kama ile, kumkatia Mungu maneno. Nikatoa salamu mbiombio, nikashuka ngazi mtandio ukiburuta. Nimechelewa. Nikagonga hadi viganja vikawaka moto, lakini mlango ule ni mbao ngumu, unene wa vidole vinne. Nikampigia simu, imezimwa. Ijumaa huenda kwenye maombi, na kanisani kwao simu huzimwa mlangoni. Nambari nyingine ya pale sikuwa nayo.

Nikapanda darasani, nikapandanisha meza mbili na kiti juu yake, mimi na magoti yangu haya. Nikafika dirishani. Nje kuna nondo. Nikaita watu barabarani kwa Kiswahili, kwa Kizulu changu cha sokoni, kwa Kiingereza. Kelele za teksi zikanimeza. Mwanamke mmoja muuza ndizi aliinua uso, akanipungia mkono, akaendelea na biashara yake. Nililia pale juu, nasema kweli, nikalitukana jengo na aliyelijenga. Saa kumi na moja ikafika, ikapita.

Mkongo alirudi kufunga geti saa kumi na mbili kasoro, akanisikia. Alipofungua alinitazama mimi, akatazama juu.

"Mama, nilisikia kitu inapiga-piga, nikawaza ni njiwa," akasema. "Pardon, mama."

Ningemgombeza vipi? Njiwa wamo kweli darini. Nikaketi kwenye ngazi za nje, nikampigia binti yangu. Nilijiandaa alie, anilaumu, anitukane hata. Nikamweleza yote, sala, mlango, basi.

"Usijisumbue, mama," akasema, sauti ya upole tu. "Mama mdogo ndiye atakayekaa mahali pako. Tulishapanga tangu Ramadhani."

Tiketi nilikata baada ya Idi. Nilimpigia siku ileile kumwambia nakuja, naye akapiga vigelegele.