Mjukuu wa Bibi Kobe ana miaka hamsini na nne

Ni saa tisa na robo alasiri. Anselmo Chiputa amepiga magoti kwenye sakafu ya vigae, anapaka mafuta ya nazi kwenye taya la kobe wa mti. Anavuta kamba. Taya linafunguka, linafumba. Anavuta tena huku ametega sikio.

"Likilia kwii, watoto wanacheka mahali pasipo pa kucheka," anasema. "Bibi hana kwii."

Bibi ni Bibi Kobe, mwanasesere wa kipindi cha televisheni cha Jamvi la Watoto. Ana miwani ya waya na kipande cha khanga shingoni. Huongea polepole, na mara nyingine husinzia katikati ya sentensi mpaka watoto wamwamshe. Yuko hewani mwaka wa ishirini na mbili sasa. Aliyemchonga ni Anselmo, na sauti ni ya Anselmo. Lakini mpaka Februari mwaka huu, hakuna mtoto hata mmoja wa kipindi hicho aliyewahi kumwona Anselmo mwenyewe.

Sababu ni shimo.

Studio ya zamani ilikuwa Chang'ombe, Temeke, ndani ya jengo lililowahi kuwa gereji ya malori. Mafundi waliondoka, shimo lao la kutengenezea magari likabaki katikati ya sakafu. Kipindi kikaweka jukwaa la mbao juu yake, jamvi likatandikwa mbele, na Anselmo akawa anasimama humo shimoni na kumwinua Bibi Kobe kupitia tundu la jukwaa.

Kila Jumamosi aliingia shimoni saa mbili asubuhi, kabla mtoto wa kwanza hajafika, na kutoka baada ya mtoto wa mwisho kuondoka. Hakupunga hewa wala kwenda msalani. Mwaka mmoja wa mvua kubwa shimo lilijaa maji.

"Yalifika magotini," anasema. "Bibi yuko juu anafundisha watoto kunawa mikono, mie huku chini vyura wananipita. Nikasema, leo somo la maji limekamilika."

Hakuna aliyemlazimisha kujificha kiasi hicho. Ni yeye. Anselmo ni Mmakonde wa Newala, amekulia kwenye ngoma za mapiko, ambamo mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani na kufunikwa mwili mzima.

"Kwetu, aliye ndani ya kinyago hana jina," anasema. "Hata ukimtambua kwa miguu yake, unanyamaza. Hata kama ni mjomba wako na jana mlikula pamoja. Ukisema, umeiharibu ngoma. Sasa mie nijitoe mbele za watoto niseme Bibi ni mimi? Hapana."

Aliishika sheria hiyo hata mtaani kwake Kiwalani. Mkewe, Rosalia, alijua, na watoto wao waliambiwa walipokuwa wakubwa. Majirani waliamini kwamba Anselmo ni mlinzi wa godauni la Temeke.

Mwanzoni mwa mwaka mambo yakabadilika. Jengo la Chang'ombe liliuzwa, kipindi kikahamia Kinondoni, kwenye ghorofa ya pili, studio ya kisasa yenye taa baridi na kiyoyozi. Ratiba nayo ikageuzwa. Badala ya kurekodi Jumamosi na kurushwa Jumapili, Jamvi sasa ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi jioni, mubashara. Watoto ishirini huletwa na basi kutoka shule za Temeke na Kinondoni.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mtu wa shimoni.

"Aliniuliza shimo litakuwa upande gani," anasema mtayarishaji wa kipindi, Kokushubila, akicheka. "Nikamwambia, Mzee Anselmo, hii ni ghorofa ya pili. Tukichimba hapa tutamwangukia mwenye duka la simu."

Walijaribu jukwaa la juu, kamera zikagoma kuona watoto. Wakajaribu meza yenye pazia, lakini Anselmo, mwenye mwili mkubwa na magoti mabovu, hakuenea chini yake. Na kituo kilikuwa tayari kimechorewa kobe wa kompyuta, mwenye rangi nzuri, asiyehitaji mtu wa kumbeba.

Ndipo Anselmo akaja na wazo lake. Siku ya mazoezi, Alhamisi, alijifunika kitambaa cheusi kuanzia kichwani hadi miguuni, kama alivyoona kwao, akasimama nyuma ya Bibi.

Watoto waliingia. Blessing, mwenye miaka sita, alitazama mara moja tu.

"Zimwi! Zimwi limemshika Bibi!"

Watoto tisa walikimbilia mlangoni. Mmoja alikutwa ngazini ghorofa ya kwanza.

Kokushubila hakuzunguka. Alimwambia: "Mzee wangu, nakuheshimu. Ama Jumatatu wakuone uso, ama Jumatatu tunaweka kobe wa kompyuta."

Anselmo alirudi Kiwalani na Bibi Kobe ndani ya kiroba. Alimweka juu ya kabati, akakataa chakula. Alikuwa anapata shilingi elfu ishirini na tano kwa wiki Chang'ombe, na studio mpya ilimuahidi elfu ishirini kwa siku, lakini anasema hakuwaza hela.

"Niliwaza, wakiniona, Bibi anakufa. Wataangalia mdomo wangu, wataona kumbe ni dubwana tu la mti. Miaka yote hiyo inakuwa uongo."

Rosalia, anayeuza vitumbua jirani na kanisa, alimsikiliza mpaka Jumapili mchana, uvumilivu ukamwisha.

"Baba Deo, unaogopa nini? Sura yako si mbaya kiasi hicho."

Jumatatu saa kumi kamili taa nyekundu ikawaka. Anselmo alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso wazi, shati la kitenge alilopigiwa pasi na mkewe, Bibi Kobe mapajani. Kwenye Jamvi kuna desturi moja ya tangu Temeke: mtoto haketi kabla hajampa Bibi shikamoo na kuitikiwa, mmoja mmoja. Wakaanza kupita. Shikamoo Bibi. Marahaba, mjukuu wangu. Wa nne alikuwa Talha, mvulana wa miaka saba kutoka Tandika. Hakuketi.

"Bibi, huyu nyuma yako nani?"

"Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi," anasema Anselmo. "Na kiyoyozi kinavuma."

Kokushubila, akiwa chumba cha mitambo, tayari alikuwa ameshika kitufe cha kuweka katuni.

Kobe akageuza shingo taratibu, akamtazama Anselmo juu mpaka chini, akamrudia mtoto.

"Huyu? Huyu mjukuu wangu. Magoti yangu yamechoka, ananibeba."

Talha akafikiri. "Mbona ana mvi?"

"Mwanangu, mimi kobe. Wewe ulidhani mjukuu wa kobe ana miaka mingapi?"

Watoto wakaangua kicheko, na watu wazima nyuma ya kamera nao wakashindwa kujizuia. Talha akaridhika, akaketi. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Blessing, yule wa zimwi. Alimsalimia Bibi, kisha akasogea, akainua macho kwa Anselmo.

"Na wewe shikamoo."

Hilo hakulitegemea. Kwa mara ya kwanza tangu kipindi kianze, aliitikia kwa sauti yake mwenyewe, nzito, yenye lafudhi ya Newala: "Marahaba."

"Mshike vizuri," Blessing akamwonya. "Usimdondoshe."

Tangu hapo kila mtoto hutoa shikamoo mbili. Wakiongea na Bibi, humtazama Bibi. Mdomo wa Anselmo unacheza mbele yao, na hawana habari nao.

Kiwalani ndiko alikokiona cha moto. Jioni ileile kijiweni walimpokea wamesimama: "Shikamoo Bibi!" Jirani yake Sadallah, fundi viatu, mpaka leo hajapoa. "Kila siku nilikuwa najiuliza, mlinzi gani huyu hana rungu? Kumbe anatulindia kobe!"

Wanamwita Mjukuu. Wazee waliomzidi miaka miwili wanamwita Mjukuu.

"Naitika," anasema. "Nimegundua kitu. Kwenye mapiko watoto wanaogopa kwa sababu hawajui. Hawa wanajua, na bado wanampenda Bibi. Nilikuwa nawadharau bila kujua."

Sasa ana mpango. Amepata gogo la msufi, mti mwepesi, na kila Ijumaa kuanzia Juni atachonga mwanasesere wa pili mbele ya watoto, dakika tano tano, kwenye kipindi chenyewe. Kokushubila alisitasita kwa ajili ya patasi, akakubali kwa sharti la kamba kuzunguka kigoda.

"Kwetu kinyago huchongwa mafichoni, mtoto hasogei," anasema Anselmo. "Huyu atazaliwa wanamwona. Pua ikikaa vibaya, waseme."

Atakuwa mnyama gani, wameamua watoto kwa kura. Yeye alitaka kanga.

"Nyani ishirini, kanga mmoja," anasema, akimnyanyua Bibi Kobe begani maana basi limeshafika chini. "Huyo mmoja ni mie."