Matairi Yaliyolia Kama Chuma

Mume wangu alikula kwa sikio lake, nasi sote tulikula kwa sikio hilohilo. Kazi yake kwenye reli pale Kamina ilikuwa kutembea kando ya treni iliyosimama, nyundo ya mpini mrefu mkononi, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia, sauti nyembamba inayokaa hewani. Gurudumu lenye ufa husema bu, kama kibuyu chenye maji. Akisikia hiyo bu alichora alama ya chaki, na behewa likaondolewa kabla halijaua watu. Nyumba ya matofali tuliyokaa kambini ilikuwa ya kazi, yaani ilikuwa ya sikio. Siku sikio likifa tungefunga mikeka yetu na kuondoka, na hatukuwa na pa kwenda: yeye alikuwa amekuja na reli kutoka mbali, na kwetu kaka zangu walikuwa wameshagawana mashamba.

Ukiishi na mtu kama huyo unazoea vituko vyake. Aligonga sufuria zangu mpya kabla sijazipikia, aligonga milango ya watu, aligonga mananasi sokoni hadi wauzaji wakamchukia. "Kintu inalia njo kintu muzima," alikuwa akisema, yaani kinacholia ndicho kizima, na kwa vyuma alisema kweli. Mimi sikuwahi kumshinda kwa maneno. Alikuwa mpole, na wapole ndio wabishi wakubwa, kwa sababu hawachoki.

Pikipiki aliipata kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko kifungua mimba wetu, nyeusi, yenye magurudumu ya spoki kama ya baiskeli, ila nene zaidi. Kwa Kiswahili chetu cha Kamina pikipiki ni moto, neno la Kifaransa, na mama yangu, ambaye lugha yake ilikuwa Kiluba na Kiswahili alikiokota ukubwani, hakulizoea hata kidogo. "Moto haiko kintu ya kulala nayo mu nyumba," alisema siku alipotutembelea akaiona imeegeshwa ukumbini. Wote waliokuwapo wakacheka hadi machozi. Nilicheka pia, lakini nilitamani asingelisema.

Mama alikaa kijijini, kwenye barabara ya Kabongo, ambako miaka hiyo treni ilikuwa bado haijafika. Mwaka ule kiangazi kikiisha akatumwa mtu kutuambia kwamba mama anaumwa, hali chakula. Mume wangu akasema tutakwenda kwa pikipiki kabla mvua hazijakolea. Matairi yalikuwa yameisha hadi nyuzi zinaonekana, kwa hiyo ilikuwa lazima kwanza yapatikane mengine.

Alianza na spoki. Aliigeuza pikipiki juu chini uani, akachukua nyundo ndogo, akazigonga moja moja, na zote zikaimba. Moja ikanyamaza. Akaikaza kwa spana, akaigonga tena, ikaimba na wenzake. Hapo sina la kumlaumu, maana spoki iliyolegea husikika kweli na hata mafundi wa pikipiki hufanya hivyo. Lakini alisimama akajipangusa mikono na uso umemng'aa, kama mtu aliyegundua kwamba dunia nzima ni reli, na mimi niliyekuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, pale nikaacha kuchambua nikamtazama.

Jumamosi alipotoka kazini tukaenda dukani kwa Mgiriki, karibu na stesheni. Matairi yaliyotosha magurudumu yetu yalikuwa ya aina mbili. Jozi ya kwanza ilining'inia barazani, upande wa jua la mchana, na ilikuwa imening'inia pale tangu nilipokuja Kamina kama bibi harusi. Meno yake yalikuwa marefu, makali, hayajagusa ardhi hata siku moja, lakini ubavuni kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino wakati wa kiangazi. Jozi ya pili Mgiriki aliitoa kwenye kasha. Meno yake yalikuwa mafupi, rangi yake imefifia, na ukibonyeza kwa kidole gumba mpira uliitika.

"Hii ya ku kasha ilikuya na treni ya juzi," Mgiriki alisema. "Ile ya ku baraza iko hapa tangu zamani, lakini haiyatembea. Yote njo mipira. Chagua weye."

Mume wangu akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni. Nilijua atakachofanya, nikaona aibu kabla hajakifanya. Akagonga tairi la kasha, likasema bu. Akagonga tairi la barazani, likajibu ka, kavu, kama mlango wa mninga. Akagonga tena, ameinamisha kichwa, macho ameyafumba vilevile anavyofanya kwenye treni.

"Sikia, mama," akaniambia. "Hii iko inalia. Ile ingine iko mugonjwa."

"Mupira haiko chuma," nikamwambia. "Tena kama iko muzuri, juu ya nini haikuuzwa miaka yote hii? Kizuri chajiuza."

"Ilikuwa inangoja muntu mwenye sikio."

Mgiriki akacheka. Mimi nilikasirika, tena sana, kwa sababu nilimwona Mgiriki anacheka kwa furaha ya mtu anayeondolewa takataka barazani. Nikalishika lile tairi la kasha, nikambonyezea mume wangu mbele ya uso, aone linavyolainika. Akaniambia kwa upole kwamba kwenye reli kitu laini ndicho kinachoua. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, na mimi nililiona sikio lenyewe kwa macho yangu, zuri, limesafishwa kwa ajili ya Jumapili, halisikii.

Kuyavalisha ilikuwa kazi ya jasho. Yalikuwa magumu mno, hayakutaka kupanda kwenye rimu. Vijiko vyangu viwili vya chuma, alivyovitumia kuyapandisha, vilipinda. Mwishowe akachemsha maji kwenye sufuria yangu kubwa akayatumbukiza matairi humo, upande huu, kisha ule.

"Weye unapika mupira?" nikamuuliza. "Sombe inaiva, lakini mupira hapana."

Majirani walicheka, hasa mke wa dereva wa treni aliyekaa ukuta mmoja nasi, aliyekuja kuazima sufuria hiyohiyo akakuta inanuka lami. Mume wangu hakujali. Matairi yalipopanda alizungusha gurudumu la mbele, akalitazama kwa mapenzi.

Tuliondoka Jumapili baada ya misa ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo alfajiri, ile mvua ya mwanzo isiyoshibisha udongo bali inaupaka mafuta tu. Mimi nilikaa nyuma, nimefunga kikapu cha unga na samaki wakavu kutoka Mulongo kwa kitenge mgongoni, mahali ambapo ningembeba mtoto. Watoto niliwaacha kwa mke wa dereva. Kwa jambo hilo mpaka leo namshukuru Mungu.

Kwenye kona ya kwanza sehemu ya nyuma ya pikipiki iliteleza ikaenda njia yake, halafu ikarudi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyesukumwa begani na mpita njia. Wanawake waliokuwa wanatoka shamba wakasimama kando na majembe yao, wakatutazama, na hakuna aliyetusalimu. Nikamgonga mume wangu mgongoni.

"Tushuke. Tutembee ku miguu."

"Iko mupya bado," akapaza sauti. "Itazoea barabara."

Nilitazama chini. Matairi yetu yalikuwa yanaacha alama juu ya udongo, nyembamba, bila kuushika, kama kucha juu ya sabuni. Mbele yetu mbingu upande wa Kabongo ilikuwa nyeusi yote. Niliogopa, na sikuogopa mvua. Niliogopa kile kichwa kilichokuwa mbele yangu, kilivyotulia, kilivyokuwa na uhakika. Nikaanza kusali Salamu Maria na sikuweza kufika mwisho wa sala, kila mara nilirudia mwanzo.

Tukateremka kwenye kijito chenye daraja la magogo. Alipokanyaga breki, gurudumu liliacha kuzunguka lakini sisi hatukuacha kwenda. Hakukuwa na kelele. Pikipiki ililala ubavu taratibu, ikatumwaga. Mimi niliangukia kikapu, na unga ndio ulioniokoa mbavu. Yeye alikwenda na kichwa kwenye gogo la pembeni, na hapo ndipo niliposikia sauti.

Ilikuwa bu.

Nilipomgeuza, damu ilikuwa inamtoka sikioni, nyembamba, haikatiki. Nikapiga kelele hadi wale wanawake wa majembe wakafika. Lori la muhogo lililokuwa linaelekea Kamina likatuchukua, yeye amelazwa juu ya magunia, mimi nimeshika kichwa chake kisicheze. Mama yangu alipona hukohuko kijijini, bila sisi.

Hospitalini walimfunga bendeji akalala siku nyingi. Alipoamka alinitambua, akaomba uji, akauliza kama pikipiki imeharibika. Nikamwuliza kichwa kikoje.

"Inaimba," akasema.

"Inaimba namna gani?"

Akatabasamu kidogo. "Sawa na gurudumu ya muzuri. Ya kutonyamaza."

Tangu siku hiyo nilimchunguza kama mwizi. Nikiwa mbele yake alinijibu kila neno, macho yake yamekaa midomoni mwangu. Nikiwa nyuma yake niliangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu, akaendelea kutazama dirishani. Nikamwambia amweleze daktari kwamba hasikii tena. Alinishika mkono.

"Nikisema, tutalala wapi?"

Nilimwambia kwamba bora tulale njiani kuliko watu walale kwenye mto na mabehewa yao. Akageukia ukutani. Daktari alipokuja alimwinamia akamwuliza kwa sauti kubwa, uso kwa uso, kama anasikia vizuri. Akajibu anasikia. Akaulizwa na la pili na la tatu, akajibu yote sawasawa. Wakamruhusu kurudi kazini.

Siku ya kwanza alirudi nyumbani saa kumi, mwenye furaha ambayo sikuiona tangu tuanguke. Alisimama uani kunawa mikono.

"Leo kazi ilikuwa muzuri," akasema. "Magurudumu yote inalia. Yote. Hata moja haikunyamaza."

Tangu nimjue, haikupita wiki asirudi na habari ya behewa alilolichora chaki. Nikamwuliza, nikiwa nyuma yake, ni treni gani aliyoigonga mwisho. Hakujibu. Pale pale filimbi ya treni ya abiria ikalia stesheni, ndefu, kali, mtoto wetu mdogo akaziba masikio. Mume wangu akaendelea kusugua vidole, kisha akauliza tunakula nini.

Nikatoka mbio bila viatu, maana kila treni iliyotoka hapo ilipita mikononi mwake. Mke wa dereva alikuwa ndani ya treni hiyo, na mtoto wake mgongoni, anakwenda Bukama kwa dada yake. Nilipofika, behewa la mwisho lilikuwa linapita kwenye kivuko cha barabara. Nikaingia ofisini kwa bwana mkubwa wa stesheni, mzungu, nikamwambia yote nikihema: sikio, damu, wimbo kichwani. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Bwana yako alipimwa na munganga," akasema. "Kwenda nyumbani, mama. Kesho simu itasema kama imefika."

Sikulala. Mume wangu alipojua nilikokwenda hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa kitandani akanitazama midomo, akingoja niseme kitu kingine.

Asubuhi nilirudi ofisini. Bwana mkubwa alikuwa na jibu la simu. Treni ilifika Bukama salama, kwa saa yake, na watu wote wameshuka. "Unaona?" akaniambia, bila ubaya, kama unavyomwambia mtoto aliyeota vibaya. Nikajua kwamba nikirudi tena na neno hilo hakuna atakayenisikiliza.

Nilipotoka nje, treni ya asubuhi ilikuwa imesimama. Watu walikuwa wanapandisha watoto na vikapu vya kuku. Mume wangu alikuwa chini kwenye kokoto, amefumba macho. Aligonga, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasogea kwenye gurudumu linalofuata.