Kona Nne za Utepe

Fundi wetu hakati utepe mweusi kwa mkasi. Huukata kwa meno, kisha huzing'ata kona zote nne ziwe mviringo, maana kona kali, husema, ndiyo hubanduka kwanza. Basi mwalimu mstaafu akamletea gari la mtumba alilonunua juzi. Taa ya injini imemwakia njiani, naye roho juu. Fundi akafungua dashibodi, akatoa kipande cha utepe kilichobanduka kwa joto.

“Mama, taa hii ilizibwa ili gari liuzike.”

“Na mwanaharamu gani huyo?”

Fundi akakigeuza kipande. Akafuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja, kama kawaida yake, ila leo alivirudia.

“Ni mimi, mama. Keti. Halitoki hapa mpaka lipone.”

Mwalimu akaketi, utepe kautia mkobani.