Siku Nilipopanga Foleni ya Kaya Maskini

Walisema sitavuka Tunduma. Baba yangu mdogo, aliyenilea Kalenga, alisema nikiyaona malori ya mpakani nitageuza nikaombe ugali. Mwalimu wangu wa chuo pale Iringa mjini alisema stashahada yangu ya uhasibu itanifaa kuhesabia magunia ya watu wengine. Mchumba wangu wa wakati ule hakusema kitu. Aliolewa.

Nilivuka Tunduma, na mipaka mingine ambako hakuna aliyeniomba pasipoti kwa sababu sikupita mlangoni. Nilikaa Afrika Kusini miaka mingi bila karatasi hata moja, nikipaka rangi nyumba za matajiri, nikarudi na fedha ya mashine ya kukoboa mpunga. Mashine iko Rujewa. Nyumba iko Ilomba, jijini Mbeya, na sakafu yake ni vigae mpaka jikoni.

Kule Sauzi niliwahi kuugua kifua kikuu. Zahanati ya serikali ilinipa vidonge bure, mwezi baada ya mwezi, mpaka nikapona. Mama mmoja kwenye foleni alilalamika kwamba wageni wanamaliza dawa. Nesi akamwambia kwamba nikikohoa ndani ya basi, ugonjwa hautamuuliza uraia wake. Niliendelea kumeza. Nesi yule alisema hajapata mgonjwa mwaminifu kwa dawa kama mimi, na sikuona sababu ya kumbishia.

Kwa hiyo mtaa wetu ulipoitisha mkutano wa kutambua kaya maskini zitakazopewa ruzuku, nilikwenda nikiwa na maoni. Mkutano wenyewe huwa hivi: kaya inatajwa, mwenyewe anasimama, majirani wananyoosha mikono kukubali kwamba kweli hana kitu. Ni mashindano pekee pale mtaani ambayo sijawahi kushinda.

Ilipotajwa kaya ya mama pacha, mikono yote ilinyooka. Alikuwa jirani yangu, mjane wa mtu wa hapohapo Ilomba, muuza maandazi, mwenye mapacha darasa la pili. Hakuna msiba uliopita asisonge ugali, na chama chetu cha kuzikana kilimfanya mweka hazina. Watu wa Rungwe walimsikia akizungumza Kinyakyusa wakasema ni wa Kyela. Watu wa Kyela walisikia matamshi yake yana tofauti kidogo wakasema ni wa Rungwe. Hakuna aliyemuuliza. Mtu aliyekusongea ugali kwenye msiba wako humuulizi kwao ni wapi.

Aliyeuliza ni ofisa wa halmashauri.

"Mama, namba ya kitambulisho cha taifa?"

"Sina, baba."

"Ulizaliwa wapi?"

"Karonga."

"Karonga ya Malawi?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Na kibali cha kuishi nchini?"

"Marehemu alisema ameshanioa, inatosha."

Akasimama mzee mwenye duka la vitenge, ambaye babu zake walipanda huku kutoka pwani. "Jamani, shemeji yetu simchukii. Lakini mama yangu mzazi amezaliwa mtaa huu, kitambulisho anacho, na hajatajwa. Mgeni ale, mwenyeji atazame?"

Ilikuwa hoja nzito, kwa hiyo nilisimama mimi. Niliwaeleza habari za vidonge vyangu. Nikasema mtu mzima anaweza kusubiri karatasi, lakini ugonjwa na njaa ya mtoto havisubiri. Nikasema huyu mama anatozwa kodi kila anaponunua sukari na ngano, na hakuna muuza duka aliyewahi kumuuliza pasipoti kabla ya kupokea hela yake. Nikasema mama wa mzee naye aandikwe, kwani kosa la kumsahau halikufanywa na mapacha. Ilikuwa hotuba bora kuliko zote nilizowahi kusikia Ilomba.

"Bwana Sauzi," mzee wa vitenge akasema, "ulikula vya watu kule, sasa unawalipa kwa vya kwetu?"

Watu walicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo bibi anayeishi mlango wa pili kutoka kwa mama pacha akasema bila kusimama: "Jumamosi kuna arobaini ya marehemu mume wangu. Mkimfukuza huyu, sufuria kubwa atashika nani? Wewe wa vitenge?"

Alipigiwa makofi. Hotuba yangu haikupigiwa.

Ofisa alisema sheria ni sheria: mama hawezi kuandikwa, na itambidi aende uhamiaji kuomba kibali. Lakini baba wa mapacha alikuwa raia na vyeti vyao vya kuzaliwa vipo, kwa hiyo waandikwe kwenye kaya ya raia. Bibi akawapokea palepale. Tatizo likawa vidole. Mashine ya ofisa ilikataa kila kidole cha bibi. Jembe lilikuwa limefuta alama zote. Akatakiwa mtu wa kupokea kwa niaba yake.

"Bwana Sauzi!" akaita mzee wa vitenge. "Si ndiye mwenye huruma?"

Mama pacha alinijia akanong'ona, "Kaka, ukiona aibu sema tu, sitakulaumu. Ila wanangu hawana madaftari, na asubuhi wanakunywa chai kavu."

Niliweka kidole. Kilikubali mara moja.

Siku ya malipo nilipanga foleni kwenye ofisi ya kata nikiwa na suti, maana baadaye nilikuwa na miadi benki. Juu yangu palitundikwa kitambaa chenye maandishi makubwa: MALIPO YA KAYA MASKINI. Mama mmoja wa Kalenga, aliyekuja kumsalimia binti yake, alikuwa akipita.

"Kamwene," akanisalimu. Akatazama kitambaa. Akatazama viatu vyangu. "Umefika huku, mwanangu?"

Kabla sijajibu niliitwa mbele. Nilipogeuka na pesa mkononi, alikuwa ameshaondoka.

Sasa, safari yangu ya Sauzi iligharimiwa na watu wa Kalenga. Baba mdogo, pamoja na maneno yake, aliuza ng'ombe. Shangazi alitoa akiba yake. Kwaya ya usharika ilinipa fedha za sare. Tangu nirudi hakuna aliyewahi kunidai, kwa sababu mwenye mashine hadaiwi, huombwa ushauri. Nami nilikuwa nimepanga kuwalipa kwa sherehe yenye turubai, na kila mwaka niliona turubai bado ni dogo.

Wiki hiyohiyo, habari za foleni zilipowafikia, baba mdogo, shangazi na mweka hazina wa kwaya walikodi gari wakaja. Walikaa kwenye makochi yangu wakivitazama vigae kama wanaaga maiti.

"Nyumba nzuri," alisema baba mdogo. "Unaiuza lini?"

"Baba, sijafilisika."

"Hakuna aliyesema umefilisika. Tumesema tumekuja."

Nikawaeleza kwamba pesa zile ni za watoto wa mama mmoja wa Malawi.

Shangazi akasogea karibu. "Ni wako?"

"Hapana!"

"Basi umaskini si aibu, mwanangu. Usiwasingizie Wamalawi."

Nilipiga simu Rujewa, nikaagiza mchele uliokuwa ghalani uuzwe kwa bei yoyote. Fedha ikaingia mchana. Nikamlipa shangazi. Nikalipa sare za kwaya. Nikamlipa baba mdogo ng'ombe wake.

"Na ndama ambao angezaa?" akauliza.

Nikalipa na ndama.

Waliahirisha kuondoka ili mweka hazina wa kwaya aniombee. Shangazi alinishika mkono akaniachia noti moja, akasema ni ya chumvi. Baba mdogo akashusha gunia la mahindi kwenye gari. Walikuwa wamelichanga njiani kote kwa ajili yangu, na hawakutaka kurudi nalo.

Nililipokea. Gari lilipopotea nililibeba begani mwenyewe hadi kwa mama pacha, nikiwa na suti yangu, sidaiwi na mtu yeyote Kalenga.